Kuwaenzi Magwiji wa Futiboli ya Vyuo vya Marekani Kabla ya Msimu Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

Mchezo wenyewe ni upi, na msimu wake unaanza lini?

Ni futiboli ya Marekani inayochezwa na timu za vyuo vikuu: mpira wa umbo la yai, wachezaji 11 kila upande, uwanja wa yadi 100 (kama mita 91) ukiacha maeneo mawili ya kufungia yenye yadi 10 kila moja. Kuufikisha mpira kwenye eneo hilo ni tachidauni, pointi 6. Kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti ni pointi 3. Anayefuatilia raga hatapata shida. Mechi ya kwanza kati ya vyuo ilichezwa 6 Novemba 1869, Rutgers wakawafunga Princeton 6–4, ingawa mchezo wa siku ile ulikaribia zaidi soka kuliko huu wa leo.

Msimu hufunguliwa wiki ya mwisho ya Agosti. Kila timu kubwa hucheza mechi 12 za kawaida hadi mwisho wa Novemba, na fainali huingia Januari. Baada ya hapo hakuna mechi ya mashindano hadi Agosti nyingine; kuna mazoezi ya Aprili tu, na mara nyingi timu hugawanyika ikacheza yenyewe kwa yenyewe. Ukame huo wa miezi saba ndio unaojazwa na kumbukumbu za magwiji, na kilele chake ni siku 100 za mwisho kabla ya ufunguzi.

Nani anahesabiwa kuwa gwiji wa chuo?

Aliyefanya makubwa akiwa chuoni. Aliyoyafanya baadaye kwenye ligi ya kulipwa, NFL, hayaingii kwenye hesabu, na hapa ndipo wageni wa mchezo huu wanapoteleza. Tom Brady alicheza Michigan, lakini umaarufu wake ulikuja baadaye. Alichaguliwa wa 199 kwenye usajili wa NFL wa mwaka 2000. Archie Griffin wa Ohio State ni kinyume chake: NFL alikuwa mchezaji wa kawaida, lakini kwenye futiboli ya vyuo ni mmoja wa wakubwa kuliko wote. Ukiandaa orodha ya magwiji wa chuo ukamweka Brady juu ya Griffin, watu wa mchezo watajua papo hapo kwamba hukufanya kazi yako.

Tuzo ya Heisman ni nini?

Ni tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Wa kwanza kuipata alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1935. Griffin peke yake ndiye aliyeitwaa mara mbili, 1974 na 1975. Ernie Davis wa Syracuse ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata, mwaka 1961.

Usiifanye kuwa kipimo pekee. Tuzo hii huwapendelea wakimbiaji na makwotabeki, yaani wale wanaopanga mashambulizi na kurusha mpira. Charles Woodson wa Michigan aliyeitwaa mwaka 1997 ndiye wa kwanza ambaye kazi yake kuu ilikuwa ulinzi. Kuhusu wanaume wa mstari wa mbele ambao hawapati tuzo hii, tazama swali la wasiokuwa na takwimu.

Jumba la Magwiji wa Futiboli ya Vyuo linachaguaje watu?

Jumba liko Atlanta tangu 2014. Kabla ya hapo lilikuwa South Bend, Indiana. Linaendeshwa na National Football Foundation, na kundi la kwanza liliingia mwaka 1951. Kwa wachezaji, masharti makubwa ni haya: awe alichaguliwa kwenye kikosi cha kwanza cha nyota wa taifa na mmoja wa wateuzi wanaotambuliwa rasmi, iwe imepita miaka 10 tangu msimu wake wa mwisho chuoni, na asiwe bado anacheza mchezo wa kulipwa.

Sharti la kikosi cha kwanza ndilo linalowashangaza wengi. Joe Montana aliipa Notre Dame ubingwa wa taifa wa msimu wa 1977, lakini hakuwahi kuwekwa kwenye kikosi hicho, hivyo mlango umefungwa. Majina ya wanaopigiwa kura hutangazwa kwa kawaida mwezi Juni, waliochaguliwa hutajwa Januari, na sherehe hufanyika Desemba. Kwa mtu anayeandaa kumbukumbu za kabla ya msimu, orodha ya Juni ni zawadi: inakuja wakati hasa unapotafuta majina.

## Namba na jezi

Kustaafisha namba na kuienzi jezi vina tofauti gani?

Kustaafisha namba ni kuifunga: hakuna mwingine wa chuo hicho atakayeivaa. Kuienzi jezi ni kuandika jina na namba ukutani au kwenye ukingo wa jukwaa huku namba yenyewe ikiendelea kuvaliwa. Taarifa za vyuo hutumia maneno haya kiholela, kwa hiyo kabla hujaandika kwamba namba "imestaafishwa", fungua orodha ya kikosi cha msimu huu. Ukimkuta kijana ameivaa, iliyoenziwa ni jezi tu.

Illinois wanajulikana kwa kuwa wagumu katika hili. Walifunga 77 ya Red Grange na 50 ya Dick Butkus, na unaweza kuona kwa nini walianza na Grange. Tarehe 18 Oktoba 1924, siku ya kuzindua rasmi uwanja wao dhidi ya Michigan, alipokea mpira wa kwanza wa mechi akakimbia nao yadi 95 mpaka mwisho. Kabla dakika 12 hazijatimia alikuwa ameongeza tachidauni tatu, za yadi 67, 56 na 44. Kocha akampumzisha. Aliporudi alifunga ya tano na kurusha pasi iliyozaa ya sita, matokeo 39–14.

Mbona vyuo vingi siku hizi havitaki kustaafisha namba?

Kwa sababu namba zinakwisha. Kanuni zinaruhusu 0 hadi 99, yaani namba 100 tu, na kikosi cha chuo kikubwa huzidi watu 100. Wachezaji wawili wanaweza kutumia namba moja, lakini si zaidi ya wawili, na wasiwe uwanjani pamoja. Juu ya hilo, kwenye uchezaji wa kawaida timu yenye mpira lazima iwe na watu watano mstari wa mbele wenye namba kati ya 50 na 79. Hizo ni namba 30, na walinzi nao wanazitaka.

Sasa angalia 77 ya Grange. Alikuwa mkimbiaji, lakini namba yake imeondolewa kwenye fungu la watu wa mstari wa mbele. Chuo chenye historia ndefu kikistaafisha namba kumi namna hiyo, kocha ataanza kuhangaika kila anapopanga kikosi cha mipira maalumu, yaani ile inayopigwa kwa mguu, maana ndiko wenye namba pacha hukutana uwanjani kwa bahati mbaya.

Kama si kustaafisha, kuna njia gani nyingine?

Zipo nyingi, na baadhi zina uzito kuliko jezi iliyofungiwa kabatini.

Ya kwanza ni kurithisha. Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) wana namba 38 ya Chucky Mullins, mlinzi aliyepooza baada ya kugongana na mpinzani kwenye mechi ya 1989 dhidi ya Vanderbilt na kufariki 1991. Namba hiyo hupewa mlinzi anayechaguliwa kwa tabia na juhudi. Virginia Tech hutumia 25, namba ya kocha wao wa zamani Frank Beamer alipokuwa mchezaji. Huvaliwa na mtu aliyefanya vizuri kwenye mipira maalumu, idara ambayo Beamer aliipa hadhi yake.

Nyingine ni kuiingiza heshima kwenye maisha ya kila siku. Kwenye kampasi ya Ole Miss mwendo wa magari ni maili 18 kwa saa, kama kilomita 29, kwa ajili ya Archie Manning aliyevaa 18. Syracuse, waliokuwa na Jim Brown, Ernie Davis na Floyd Little wote kwenye jezi 44, wana msimbo wa posta unaoishia na namba hiyo: 13244. Alabama huwaita manahodha wa kila msimu kuacha alama za viganja na viatu kwenye saruji chini ya mnara wa Denny Chimes. Na sarafu inayorushwa kabla ya mechi za ligi ya Big Ten ina sura ya Nile Kinnick wa Iowa.

Ukituuliza sisi, kurithisha kunashinda. Namba iliyofungwa husahaulika ndani ya kizazi kimoja. Namba inayorithishwa humlazimu kijana wa miaka 20 aulizwe kila wiki aliyeivaa kabla yake alikuwa nani.

Kurithisha kunaweza kuharibika vipi?

Kwa kuwapa watu wengi mno na mara nyingi mno. Michigan walianza mwaka 2011 kuzirudisha uwanjani namba za magwiji wao zikiwa na kiraka maalumu kifuani, kuanzia 21 ya Desmond Howard, kisha nyingine zilizokuwa zimestaafishwa, ikiwamo 48 ya Gerald Ford, aliyecheza katikati ya mstari kabla ya kuwa rais wa nchi. Wachezaji wakawa wanabadilishiwa namba katikati ya maisha yao ya chuo. Mwaka 2013 kwotabeki Devin Gardner alikuwa anacheza na 98 ya Tom Harmon, namba ambayo macho ya mashabiki wa leo yameizoea kwa mlinzi mnene. Mwaka 2015 mpango ukasitishwa na namba zikafungwa tena.

Ukipanga kurithisha, chagua namba moja, vigezo viwili au vitatu vilivyoandikwa, na umtangaze mrithi mara moja kwa msimu.

## Kuhesabu siku kwa namba za jezi

Desturi hii inakwendaje?

Kila siku iliyobaki kabla ya mechi ya ufunguzi hupewa gwiji aliyevaa namba hiyo. Zikibaki siku 45, unamtaja aliyevaa 45. Kwa kuwa namba huanzia 99, hesabu huanza siku 99 kabla. Mfano: mechi ikiwa 30 Agosti, siku ya 99 ni 23 Mei, siku ya 77 ni 14 Juni, ya 45 ni 16 Julai, na ya 34 ni 27 Julai. Wanaotaka kuanza na 100 hutumia siku hiyo kwa uwanja au kocha.

Niandae nini kabla ya kuanza?

Andaa jedwali lenye safu sita: tarehe, namba, jina, nafasi aliyocheza, misimu aliyoivaa namba hiyo, na tendo moja lenye tarehe na mpinzani. Safu ya tano ndiyo watu wanaoiruka, na ndiyo inayowaumbua, maana wachezaji wengi walianza na namba moja wakamaliza na nyingine.

Majina yatoke kwenye kitabu cha takwimu ambacho idara ya michezo ya chuo hukitoa kila mwaka kabla ya msimu. Hupatikana bure kwenye tovuti yao. Kisha hakikisha namba kwa kutazama picha ya mechi ya msimu husika. Andaa siku 14 za mwanzo kabla hujachapisha hata moja, ukianza na namba ngumu: za 80 mwishoni, 90 na kitu, na 60 na kitu. Namba za 1 hadi 34 zina magwiji wa kumwaga na hazitakusumbua.

Maandishi ya kila siku yasizidi maneno 60. Jina, nafasi, misimu, tendo, basi. Orodha ya tuzo zote haisomwi na mtu.

Makosa gani hujirudia kila mwaka?

Kosa kubwa ni kuchukua namba ya NFL ukaibandika chuoni. Jim Brown alikuwa 44 Syracuse, 32 alipokwenda Cleveland. Barry Sanders 21 Oklahoma State, 20 Detroit. Peyton Manning 16 Tennessee, 18 Indianapolis. Earl Campbell 20 Texas, 34 Houston. Walter Payton, ambaye dunia nzima inamjua kwa 34, alivaa 22 Jackson State. Dick Butkus ndiye mtego mtamu kuliko yote: 50 Illinois, 51 Chicago, tofauti ndogo ambayo jicho linaipita.

Kosa la pili ni kupoteza siku moja. Mtu aliyeko Mombasa akichapisha saa 12 asubuhi, Marekani bado ni jana usiku, na wasomaji wa huko wataona namba imetangulia. Chapisha saa 9 alasiri ya Afrika Mashariki. Kwa mashariki ya Marekani ni asubuhi saa 2 ya siku ileile.

Kosa la tatu ni kuweka hesabu kwenye tarehe isiyo rasmi. Televisheni huhamisha mechi za ufunguzi kutoka Jumamosi kwenda Alhamisi au Ijumaa. Subiri ratiba itangazwe na chuo, halafu anza.

Namba moja ina magwiji wawili. Nimchague nani?

Kama hesabu ni ya chuo kimoja, mchague mwenye misimu mingi kwenye namba hiyo, na umtaje mwingine kwenye sentensi ya mwisho. Kwa Michigan, 21 ni ya Howard bila ubishi, lakini pia iliwahi kuvaliwa na Tim Biakabutuka. Tazama swali la wenye asili ya Afrika.

Kama hesabu ni ya nchi nzima, jiandae kwa ugomvi siku ya 34. Herschel Walker wa Georgia, Heisman ya 1982, na Bo Jackson wa Auburn, Heisman ya 1985, wote ni wakimbiaji, wote wa kanda moja ya kusini, na vyuo vyao ni mahasimu wa jadi. Waweke wote wawili siku hiyo. Kuchagua mmoja hakuna faida yoyote.

Nikose mtu wa namba fulani, nifanyeje?

Usimkweze mtu asiyestahili. Tumia namba yenyewe kama takwimu: yadi 95 za Grange zinajaza siku ya 95 vizuri kabisa. Namba 0 ilianza kuruhusiwa mwaka 2020, hivyo siku ya mwisho wengi huiachia kikosi kipya. Namba zinazoanza na sifuri, kama 00 au 07, haziruhusiwi kabisa. Na ukirudi nyuma hadi enzi za Jim Thorpe wa Carlisle, 1911 na 1912, usitafute namba. Mtaje kwa mwaka.

Naruhusiwa kutumia picha, au kuchapisha fulana?

Picha ni mali ya mpigaji au gazeti, hata kama iko kila mahali mtandaoni. Zilizochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita ziko huru, kwa hiyo za Grange za 1924 hazina tatizo. Za miaka ya 1980 zina wenyewe: omba idara ya michezo au maktaba ya chuo, ukieleza kwamba hutauza kitu.

Fulana ni habari nyingine. Jina na sura ya mchezaji ni haki yake, na nembo ni ya chuo. Tangu 1 Julai 2021 wachezaji walio chuoni wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, hivyo wana mawakala wanaofuatilia. Kuuza fulana yenye "34" na jina la mtu bila ruhusa ni kujitafutia barua ya mwanasheria.

## Takwimu na kulinganisha enzi

Kwa nini Barry Sanders ana hesabu mbili za yadi?

Mwaka 1988 alikimbia yadi 2,628 kwenye mechi 11. Kisha akacheza mechi ya mwisho ya msimu, Holiday Bowl dhidi ya Wyoming, akaongeza 222, jumla 2,850. Lakini rekodi rasmi zilikuwa hazihesabu mechi hizo za baada ya msimu; zilianza kuhesabiwa 2002. Ndiyo maana rekodi inasomeka 2,628.

Hili lilileta kelele mwaka 2024, Ashton Jeanty wa Boise State alipofikisha 2,601 kwa mechi 14, zikiwamo za baada ya msimu. Alipungukiwa yadi 28 kuivunja rekodi ya mtu wa mechi 11. Ukiandika kuhusu wawili hawa, weka idadi ya mechi kando ya yadi kila mara.

Naweza kumlinganisha mchezaji wa 1939 na wa leo?

Kwa yadi tupu, hapana. Kinnick wa 1939 alikuwa akishambulia, akizuia na kupiga mpira kwa mguu, mara nyingi dakika zote 60. Hadi 1972 wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza kwenye timu kuu, hivyo wengi wa zamani wana misimu mitatu tu. Linganisha mtu na wenzake wa mwaka wake: aliwazidi kwa kiasi gani?

Wale wasiokuwa na takwimu tunawapimaje?

Mzuiaji wa mstari wa mbele hana yadi wala tachidauni. Tumia vitu vitatu: kikosi cha kwanza cha nyota wa taifa mara ngapi, tuzo za watu wa mstari, Outland na Lombardi, na nafasi aliyopata kwenye kura za Heisman. Orlando Pace wa Ohio State alitwaa Lombardi mara mbili mfululizo, 1995 na 1996, na kwenye Heisman ya 1996 akawa wa nne. Kwa mzuiaji, nafasi ya nne ni kubwa kuliko ushindi wa makwotabeki wengi.

## Siku yenyewe, na kutazama ukiwa mbali

Heshima ya uwanjani ipangwe wapi ndani ya mechi?

Mapumziko ya katikati ni dakika 20, na bendi ya chuo inachukua sehemu kubwa. Bakiza dakika mbili au tatu kwa gwiji: atembee hadi mstari wa yadi 50, isomwe aya moja, apige picha, atoke. Hotuba ya gwiji mwenyewe uwanjani karibu kila mara huharibika, kwa sababu vipaza sauti vya uwanja hurudisha mwangwi na mzee hujikuta anasubiri maneno yake mwenyewe. Hotuba iwe kwenye chakula cha usiku wa kuamkia mechi. Njia rahisi zaidi ni kumfanya nahodha wa heshima wakati wa kurusha sarafu: sekunde 90, na kamera zote ziko pale.

Tunawakumbukaje waliofariki wakiwa vijana?

Kwa uangalifu, na kwa ridhaa ya familia. Ernie Davis aliugua saratani ya damu akafariki 1963 akiwa na miaka 23, bila kucheza hata mechi moja ya NFL. Kinnick alivaa 24, akafa akiwa na miaka 24, 2 Juni 1943, ndege yake ya mafunzo ilipoanguka baharini karibu na Venezuela. Uwanja wa Iowa una jina lake tangu 1972. Pat Tillman wa Arizona State, namba 42, aliacha NFL akajiunga na jeshi na kuuawa Afghanistan 22 Aprili 2004.

Jack Trice anastahili nafasi yake. Alikuwa mwanamichezo Mweusi wa kwanza wa Iowa State. Aliumia kwenye mechi dhidi ya Minnesota 6 Oktoba 1923, akafariki siku mbili baadaye. Wanafunzi walidai kwa miaka mingi uwanja upewe jina lake. Mwaka 1984 chuo kilitoa nusu: sehemu ya kuchezea tu ndiyo iliyoitwa kwa jina lake, na uwanja mzima ukafuata 1997. Anayesema heshima huja yenyewe aisome habari hii.

Mechi nitaziona saa ngapi nikiwa Afrika Mashariki?

Mechi ya saa 6 mchana mashariki ya Marekani ni saa 1 usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Ya saa 9:30 alasiri ni saa 4:30 usiku. Ya saa 1:30 jioni ni saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumapili. Wa Bukavu, Kigali na Bujumbura watoe saa moja. Wa Muscat waongeze moja. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, na kila kitu kwetu huchelewa kwa saa moja zaidi.

Kuna magwiji wenye asili ya huku kwetu?

Wapo. Tim Biakabutuka alizaliwa Kinshasa na kukulia Quebec. Tarehe 25 Novemba 1995 akiwa na Michigan alikimbia yadi 313 dhidi ya Ohio State ambao hawakuwa wamefungwa msimu ule, na Michigan wakashinda 31–23. Ile ni moja ya siku kubwa kabisa katika uhasama wa vyuo hivyo viwili.

Mathias Kiwanuka, mlinzi wa Boston College aliyeingia NFL mwaka 2006 kwenye raundi ya kwanza, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye jaji mkuu aliyeuawa enzi za Idi Amin.

## Mambo yenye utata

Gwiji akipatikana na kosa, aondolewe?

Vyuo havina jibu moja. Billy Cannon wa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), Heisman ya 1959, alichaguliwa kuingia Jumba la Magwiji mwaka 1983, akanaswa kwenye kesi ya kutengeneza pesa bandia mwaka huohuo, na nafasi ikafutwa. Alitumikia kifungo, na mwaka 2008 akachaguliwa tena. Reggie Bush wa USC (Chuo Kikuu cha Kusini mwa California) aliirudisha Heisman ya 2005 mwaka 2010 kwa sababu ya manufaa yaliyokatazwa wakati ule, akarudishiwa Aprili 2024 baada ya malipo kuwa halali kwa wachezaji wote.

Kwenye hesabu ya siku, mtaje kwa alichofanya uwanjani na uandike kwa sentensi moja kilichotokea baadaye. Ukimruka kimya, wasomaji watamleta wenyewe, na mjadala utakuwa mbaya zaidi.

Aliyehama vyuo ni gwiji wa wapi?

Wa chuo alikotenda. Joe Burrow alianzia Ohio State, lakini Heisman ya 2019 na ubingwa ni vya LSU, hakuna anayebishana. Cam Newton alipitia Florida, lakini ni wa Auburn, alikotwaa Heisman ya 2010 kwa msimu mmoja tu. Travis Hunter ana historia Jackson State, ila tuzo yake ya 2024 ni ya Colorado, ambao walistaafisha jezi yake namba 12 mwezi Aprili 2025, hata kabla hajasajiliwa NFL. Haraka hiyo ilizua maneno, na kwa haki: kungoja miaka mitano kusingempunguzia kitu.

Vyuo vidogo na vyuo vya Weusi vinaingia kwenye orodha?

Lazima. Kwa miongo mingi vyuo vikubwa vya kusini havikuwapokea wachezaji Weusi, kwa hiyo vipaji vilikwenda kwingine. Grambling chini ya kocha Eddie Robinson walishinda mechi 408. Jerry Rice alitoka Mississippi Valley State, na uwanja wa chuo hicho unaitwa kwa jina lake pamoja na la Willie Totten, kwotabeki aliyemrushia. Orodha ya "taifa" isiyo na hata mmoja wa hawa ni orodha ya televisheni.

Mechi ya ufunguzi ikicheleweshwa na radi, hesabu inaharibika?

Agosti ni mwezi wa ngurumo, na hutokea. Mchezo husimama radi ikikaribia uwanja, na haurudi hadi zipite dakika 30 tangu radi ya mwisho. Kila radi mpya huanzisha dakika hizo upya. Ikiwa ni kuchelewa kwa saa chache, acha hesabu ilivyo. Ikihamishwa hadi kesho yake, rudia siku ya 0 kwa mchezaji mwingine wa kikosi kipya. Ikifutwa kabisa, usirudishe hesabu nyuma hadi mechi inayofuata, maana utawarudia watu saba uliokwisha kuwataja.